Mikanda ya urembo juu ya makabati ya jikoni: kona kwanza, urefu baadaye

Tangu nifunge mikanda kwenye makabati ya jikoni kwangu, hapa Moshono, Arusha, kila anayeingia kunywa chai ananiuliza maswali yale yale. Umetumia mbao gani? Kona umezikataje zikakutana hivyo? Mbona ya kwangu imeacha mwanya unaopitisha kisu? Nimechoka kueleza nikiwa nimeshika chapati, kwa hiyo nimeandika.

Mimi si seremala. Nafundisha hesabu. Pembe ya nyuzi 45 naichora ubaoni kila mwaka, na bado siku ya kwanza nilikata vipande viwili vya upande wa kushoto na cha kulia nikakosa. Ukifuata utaratibu ulio hapa chini, kosa kama hilo litakugharimu sentimita chache tu, si ubao mzima.

Nazungumzia mikanda miwili. Wa juu ni ule ulioinama kwenda mbele, unaokaa kichwani mwa kabati la ukutani kama ukingo wa kofia. Wa chini ni ubao mwembamba unaoning'inia chini ya kabati kuficha taa. Wa juu ndio wenye kazi, wa chini utaumaliza mchana mmoja.

Kwanza angalia kabati lenyewe

Makabati mengi ya kwetu yamejengwa na fundi palepale jikoni, hayakuja yamefungwa kwenye maboksi. Maana yake hakuna kipimo cha kuamini. Weka pima maji juu ya kabati, kisha skwea kwenye kona zake za mbele. Kama kabati limelala upande, mkanda utalitangaza kwa kila mgeni, kwa hiyo rekebisha kabati kwanza. Litikise pia kwa mikono miwili. Likicheza, kaza skrubu za ukutani kabla ya kuliongezea uzito.

Halafu fungua kila mlango na uangalie ukingo wake wa juu. Unatakiwa uwe chini ya paa la kabati kwa milimita 3 hivi. Milango ikiwa sawasawa na paa, mkanda utaisugua. Bawaba za kikombe, zile zinazojificha ndani, zina skrubu za kushusha mlango kidogo. Kama zako ni bawaba za kawaida, utainua mkanda kwa kutanguliza kipande cha plaiwudi ya milimita 3 chini yake.

Na jiko la gesi liko wapi? Kama kuna kabati juu ya jiko, mkanda wa chini usipite hapo kabisa. Kofia ya kuvuta moshi juu ya gesi kwa kawaida hufungwa sentimita 65 hadi 75 kutoka kwenye moto, na hiyo ni bati. Wewe unataka kuning'iniza mbao. Kumbuka pia kwamba jiko la mezani linakaa juu ya meza, kwa hiyo moto wake uko juu zaidi kuliko unavyodhani. Pima kutoka kwenye kichomeo, usipime kutoka kwenye meza.

Mbao gani

Una njia tatu.

MDF, yaani bamba la kiwandani la nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni rahisi kukata, haipindi, na ukiipaka rangi inapendeza. Bamba lake ni futi 8 kwa 4, kwa hiyo kipande kirefu kabisa utakachopata ni sentimita 244. Adui yake ni maji: mvuke wa ugali kila jioni ukiingia kwenye ukingo usiopakwa rangi, utavimba kama mkate uliolowa. Vumbi lake nalo ni baya kwa mapafu. Kata nje, vaa barakoa.

Mninga ni mzuri, mgumu, hauliwi na wadudu kirahisi, na bei yake unaijua. Kama makabati yako ni ya mninga, funga mkanda wa mninga. Usibahatishe kupaka mbao nyingine vanishi nyekundu ukitegemea haitajulikana.

Ya tatu ndiyo niliyotumia: saipresi, ile inayotoka kwenye mashamba ya miti ya Meru na West Kilimanjaro. Inapatikana, inakatika vizuri, na harufu yake siku za kwanza inalifanya jiko linukie. Shida yake ni moja, na ndiyo iliyowaachia nyufa wengi walioniuliza: inauzwa mbichi. Ubao ulikuwa mti wiki chache zilizopita. Ukiukata nyuzi 45 leo, kona itakubana kama imezaliwa hivyo, na baada ya mwezi mmoja utaona mstari mweusi katikati. Mbao ikikauka husinyaa kwa upana na unene, urefu haubadiliki sana, na kona ndiyo inayolipa.

Kwa hiyo nunua mapema. Ilaze ndani ya nyumba, si stoo wala barazani, juu ya vijiti ili hewa ipite chini yake, kwa wiki mbili tatu. Nikanunua masika, ikabidi ningoje zaidi ya mwezi. Utajuaje imekauka? Kata kijipande, kipime kwenye mizani ya jikoni, andika uzito juu yake kwa penseli. Rudia kila baada ya siku tatu. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Mgrivea, ule mti wa kivuli kwenye mashamba ya kahawa, unapimwa vivyo hivyo, na wenyewe hupenda kupinda, kwa hiyo chagua ubao ulionyooka tangu mwanzo.

Umbo la mkanda unalipata kwenye mashine ya mbao. Nenda na mchoro au kijipande cha mfano. Waambie unataka kimo cha sentimita 7 na kujitokeza mbele sentimita 5, na vipande vyote vipitishwe siku moja kwa kisu kile kile. Mashine moja ilinipa kipande cha tatu wiki moja baadaye na mgongo wake haukulingana na wenzake. Hakikutumika.

Vifaa

- Tepu ya kupimia, skwea, pima maji, penseli iliyochongwa vizuri
- Msumeno wa mkono wenye meno madogo
- Kisanduku cha kukatia pembe, cha dukani au cha kujitengenezea kwa mbao tatu: sakafu moja na kuta mbili zenye mikato ya nyuzi 45 kila upande
- Drili, biti ya mm 2.5 na ya mm 4, na moja nyembamba kuliko misumari yako
- Gundi nyeupe ya mbao
- Skrubu za mm 30, misumari myembamba ya inchi moja na robo
- Mbao ya inchi 1x3 iliyopigwa randa, kwa ajili ya kitako (fremu ya kushikia mkanda, hatua ya 2)
- Msasa namba 120 na 220
- Ngazi fupi. Usipande kwenye meza ya sinki, wala usipange ndoo juu ya kiti

Mashine ya umeme ya kukata pembe ni nzuri ukiwa nayo. Usiikodi kwa kabati moja. Umeme ukikatika katikati ya kazi utabaki na msumeno wa mkono tu, na wenyewe unatosha.

Hesabu ya urefu

Hapa ndipo wengi wanapungukiwa. Wanapima kabati, wananunua urefu huo huo, wanasahau kwamba mkanda unaotoka nje una mzunguko mkubwa kuliko kabati lenyewe.

Kabati langu lina upana wa sentimita 183 mbele na kina cha 34 kila upande, pamoja na unene wa mlango. Mkanda unajitokeza sentimita 5. Kipande cha mbele kina kona mbili, kwa hiyo kwenye ukingo wake wa juu ni 183 + 5 + 5 = 193. Kila cha pembeni kina kona moja: 34 + 5 = 39. Jumla ni 271. Ubao wa futi 12 ni karibu sentimita 366, unabaki na 95 za majaribio. Kwa MDF ya sentimita 244 ningehitaji vipande viwili. Sentimita 95 usizione nyingi. Mimi nilizimaliza.

Mkanda wa juu, hatua kwa hatua

1. Safisha paa la kabati. Panda uone palivyo. Mafuta ya miaka yote yameshikana na vumbi yakawa kama gundi ya kahawia. Maji ya moto na sabuni ya vyombo, futa, rudia, acha pakauke kabisa. Gundi haishiki juu ya mafuta.

2. Tengeneza kitako. Hii ni fremu bapa ya 1x3 inayolala juu ya paa la kabati, mbele na pembeni, na mkanda utagongewa kwenye ukingo wake. Iache ijitokeze mbele mpaka ipite uso wa mlango kwa milimita 2. Pembeni iwe sawa na ubavu wa kabati. Kona za kitako hazionekani, kwa hiyo zikate mraba tu, usijisumbue na 45.

3. Funga kitako kutoka ndani ya kabati. Toa sahani. Toboa paa kwenda juu kwa biti ya mm 4, kisha toboa kitako kwa mm 2.5, ukaze skrubu za mm 30. Paa ni mm 18 na kitako kama mm 20, hivyo skrubu haitatokeza juu. Weka skrubu kila baada ya sentimita 25 hivi. Usifunge chochote kwenye dari. Dari ya jipsamu hupanda na kushuka, kabati halipandi wala halishuki, na ukiviunganisha kitapasuka kimojawapo. Kabla ya kuendelea, fungua milango yote. Kama kuna unaogusa, urekebishe sasa.

4. Andaa kisanduku. Mkanda unakatwa ukiwa kichwa chini. Ule ukingo utakaotazama dari ndio unaokaa kwenye sakafu ya kisanduku, na ule utakaogusa kitako unaegemea ukuta wake. Inamtatiza kila mtu mara ya kwanza. Ukishapata mwinamo sahihi, gundisha kijiti kwenye sakafu ya kisanduku mbele ya mkanda, ili kila kipande kikae kwa mwinamo ule ule bila kuteleza. Kijiti hicho kimeniokoa kuliko kifaa kingine chochote nilichonunua.

5. Kata kona ya majaribio. Chukua vijipande viwili vya sentimita 10, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia, viandike hivyo kwa penseli mgongoni, pamoja na neno JUU. Vikate, vipeleke kwenye kona halisi ya kabati, vikutanishe. Vikiacha mwanya mbele huku nyuma vinagusana, pembe ya kabati si 90. Badilisha mkato kwa kuweka kipande cha kadi nyembamba kati ya mkanda na ukuta wa kisanduku, jaribu tena. Fanya hivyo kwa kila kona peke yake. Kona ya kushoto ya kabati langu ilikuwa sawa, ya kulia ilinila vijipande vinne. Ukipata vinavyokubaliana, vitunze, hivyo ndivyo kipimo chako.

6. Kata vipande vya pembeni, kona tu. Hapa ndipo lilipo jina la mwongozo huu. Acha kipande kiwe kirefu kwa sentimita 5 zaidi, kata ile kona ya 45 peke yake. Umeikosea? Sogea sentimita moja, kata tena. Kona ikikubali, ishikilie mahali pake kwenye kabati, weka alama pale mkanda unapogusa ukuta, ndipo ukate mwisho wa ukutani. Ukianza na urefu kamili ukaja kwenye kona, kosa la kwanza tu ubao umekwisha.

7. Linganisha na ukuta. Plasta ya ukutani haijanyooka, hata nyumba ikiwa mpya. Kuna tumbo mahali fulani. Sukuma kipande hadi ukutani, pitisha penseli ikiwa imelala kwenye ukuta ili ichore mstari wa tumbo hilo kwenye mbao, kisha punguza kwa msasa. Ukikata mraba tu, juu kutagusa na chini kutaacha mwanya.

8. Kata kipande cha mbele. Kata kona ya kushoto kwanza. Shikilia kipande cha pembeni cha kushoto mahali pake kwa msumari mmoja usiozama, kutanisha kona, mtu mwingine ashike upande wa kulia. Bila msaidizi hatua hii usiijaribu. Niliifanya na mdogo wangu, na kazi yake yote ilikuwa kusema "bado, bado, hapo". Weka alama kwenye ukingo wa chini, pale kona ya kitako inapoishia. Sentimita 183 zangu zinasomwa chini, kwenye ukingo unaogusa kitako. Ukizisoma juu, kipande kitakuwa kifupi kwa sentimita 10. Kata milimita 2 nje ya alama, jaribu, punguza kidogo kidogo.

9. Jaribu vyote vitatu bila gundi. Shuka ngazi, rudi nyuma mpaka mlangoni, angalia. Ukiwa juu ya ngazi unaona kona, ukiwa mlangoni unaona mstari mzima.

10. Gundi na misumari. Toboa njia za misumari kwanza kwa biti nyembamba kuliko msumari, isiyozama sana, hasa karibu na ncha, la sivyo saipresi itapasuka. Paka gundi kwenye ukingo wa kitako na kwenye nyuso zote mbili za kona. Anza pembeni, malizia mbele. Ukingo wa chini wa mkanda usishuke chini ya kitako hata kidogo, kwa sababu ya milango. Kaza kona kwa masking tepu na ufute gundi inayovuja papo hapo kwa kitambaa chenye maji. Gundi ikikaukia juu ya mbao, vanishi haitaingia hapo na utaona doa jeupe maisha yako yote.

11. Iache. Arusha mwezi Juni na Julai, usiku kucha na nusu ya kesho yake, baridi huichelewesha gundi. Walioko Moshi mjini wana tatizo la upande wa pili: joto linaikausha haraka, kwa hiyo paka kona moja, ifunge, ndipo uende nyingine.

12. Ziba, piga msasa, paka. Zamisha vichwa vya misumari kwa msumari mwingine uliokatwa ncha. Ziba kwa puti, au gundi iliyochanganywa na unga wa mbao ile ile. Msasa 120, kisha 220, ukifuata nyuzi za mbao. MDF ipake praima kwanza, ukingoni mara mbili. Kabla ya kufungua vanishi au tina, funga mtungi wa gesi na ufungue madirisha, na usiwashe jiko mpaka harufu iishe. Siku hiyo nunueni chakula.

Mkanda wa chini

Ubao bapa wa kimo cha sentimita 4 hadi 5 unatosha. Urudishe nyuma sentimita 2 au 3 kutoka usawa wa mlango, hasa kama milango yako haina vishikio, ili vidole vipate pa kuingia. Usijaribu kuufunga kwa skrubu ndefu kupitia ukingo wake, MDF hupasuka katikati kama biskuti. Gundisha vijipande vya mbao vya mraba nyuma yake, kila baada ya sentimita 30, na ukaze skrubu kupitia vijipande hivyo kwenda kwenye sakafu ya kabati. Havionekani. Nafasi ya nyuma inatosha taa za mkanda za volti 12. Kibadilisha umeme chake kiweke juu ya kabati, mbali na sinki, na waya wa ukutani mwachie fundi umeme.

Kona zake unazikata kwa 45 ubao ukiwa umesimama wima, hakuna mwinamo. Ukishamaliza wa juu huu utauona mchezo.

Mambo yakienda kombo

*Kona ina mwanya mwembamba kama unywele.* Kabla ya kupaka rangi, chukua shina la bisibisi, sio ncha, usugue kona ukiibonyeza kutoka pande zote mbili. Nyuzi zitalala na mwanya utafungika. Ni ujanja wa mafundi wa zamani.

*Mwanya ni milimita moja au mbili.* Gundi na unga wa mbao, subiri, msasa. Kama utapaka rangi, haitaonekana. Kwa vanishi itaonekana kidogo.

*Umezidi milimita tatu.* Usizibe. Ng'oa, kata upya. Puti nene itapasuka masika yakiisha.

*Kona ilikuwa nzuri, imefunguka baada ya miezi miwili.* Mbao ilikuwa mbichi. Usiiguse sasa, ngoja mpaka mwisho wa kiangazi ikauke yote inayoweza, ndipo uzibe mara moja.

*Mkanda unaonekana una mawimbi.* Simama mlangoni, uangalie dari. Mara nyingi dari ndiyo iliyolala, na kwa kuwa mkanda uko karibu nayo, macho yanaulaumu mkanda. Usijaribu kuujaza mwanya huo kwa silikoni. Kama nafasi hadi dari ni chini ya sentimita 3 na inakukera, siku nyingine chagua mkanda mfupi.

*Mlango ulifunguka vizuri, sasa unasugua.* Angalia kama sahani nzito zimerudishwa zote kwenye rafu moja. Kabati likilemewa hushuka mbele. Hamisha mabakuli ya udongo chini, kaza skrubu za ukutani, kisha rekebisha bawaba. Kwangu ilikuwa seti ya vyombo vya harusi ya mama, sahani 24, ambazo hatujawahi kuzilia. Sasa ziko kabati la chini.